Hedseti Inapobadili Sauti Yenyewe: Uiache au Uishike?

Barua za safari hii zimegongana mlangoni. Nilikuwa nimeomba maswali yoyote ya sauti, lakini nyingi zimekuja na lalamiko lile lile: hedseti isiyo na waya inapiga muziki vizuri, kisha mtu akianza kuongea, au hata kabla hajaongea, sauti inaharibika. Nimechagua chache. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu mzizi uko hapo.

*Shikamoo dada. Nafundisha Kiswahili kwa njia ya video. Kabla ya kipindi huwa nasikiliza muziki kwenye kompyuta kwa hedseti yangu ya Bluetooth, na sauti ni nzito na safi. Nikiingia darasani tu, kunakuwa na ukimya mfupi, halafu kila kitu kinakonda: besi inapotea, na wanafunzi wakitamka maneno siwezi kutofautisha s na f. Nikifunga darasa, sauti inarudi. Rafiki yangu mmoja anasema nizime kule kujibadili kwa wasifu wa sauti. Mwingine anasema nikizima nitakosa maikrofoni. Nimfuate nani?*
Mwalimu wa mtandaoni

Marahaba, mwalimu. Kwanza toa wasiwasi kuhusu hedseti, ni nzima. Ukimya mfupi kisha sauti kukonda ndiyo dalili ya kifaa kuhama kutoka wasifu mmoja wa Bluetooth, yaani njia ya kupitisha sauti, kwenda mwingine. Na rafiki zako wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja ameshika nusu.

Bluetooth tuliyoizoea ina njia mbili za kuleta sauti masikioni, na zilibuniwa kwa kazi zisizofanana. Ya muziki huitwa A2DP. Inapeleka sauti upande mmoja tu, kutoka kwenye kompyuta kuja kwako, kushoto na kulia. Kwa kodeki (namna ya kubana sauti kabla ya kuituma) ya SBC, ambayo kila kifaa cha njia hii kinalazimika kuwa nayo, kiwango cha ubora wa juu kilichozoeleka ni kama kilobiti 328 kwa sekunde. Kwa kuwa hakuna anayesubiri jibu upande wa pili, kifaa kinaweza kuweka akiba kidogo ya sauti, na pakiti iliyopotea hewani ikatumwa tena. Muziki unakuja mtamu, na unachelewa kidogo.

Ya simu huitwa HFP. Hii inabeba pande zote mbili kwa pamoja, maneno yako yakienda na ya wenzako yakija, katika nafasi za muda zilizotengwa kwa kazi hiyo tu ili mazungumzo yasichelewe. Gharama yake inalipwa kwa ubora. Kodeki yake ya asili, CVSD, inatumia kilobiti 64 kwa sekunde, chaneli moja, na inapima sauti mara 8,000 kila sekunde. Sauti iliyopimwa mara 8,000 haiwezi kubeba mtetemo wowote unaozidi 4,000 kwa sekunde. Hiyo ni kanuni ya hesabu, hakuna kifaa cha bei yoyote kinachoikwepa. Mwaka 2011 toleo la 1.6 la HFP lilileta kodeki ya mSBC inayopima mara 16,000, kikomo kikapanda hadi 8,000. Toleo la 1.9, la mwaka 2023, likaongeza nyingine inayopima mara 32,000. Lakini kodeki bora hutumika pale tu kompyuta na hedseti zote zinapoijua. Mmoja akiwa wa zamani, mnarudi chini pamoja.

Hapa ndipo s na f zako zilipopotelea. Irabu zetu nguvu yake kubwa iko chini ya mitetemo 4,000, kwa hiyo zinapita bila shida na mtu unamtambua kwa sauti yake. Herufi s ni msuguano wa hewa kwenye meno, na sehemu kubwa ya msuguano huo iko juu ya kikomo kile. Ikikatwa, kinachobaki ni pumzi. Na f nayo ni pumzi. Mimi kazi yangu ni kutayarisha sauti kwa wakalimani wa mikutano ya mbali, na jambo la kwanza ninalomwomba kila msemaji kabla ya mkutano ni kutamka taratibu: sisi, fisi, saa, faa. Mkalimani akiwa amefumba macho na kuisogeza hedseti karibu zaidi na sikio, najua msemaji yuko kwenye CVSD kabla hata sijaangalia mipangilio. Kuongeza sauti hakumsaidii, kwa maana kinachokosekana hakikusafirishwa. Kwa mwalimu wa matamshi hili si dogo. Unasahihisha kosa ambalo mwanafunzi hakulifanya.

Sasa, kwa nini kompyuta isitumie njia ya muziki kwa kusikiliza na njia ya simu kwa maikrofoni peke yake? Kwa sababu A2DP haikuwekewa njia ya kurudi. Wako watengenezaji waliobuni kodeki zao za kupitisha maikrofoni pembeni, ila lazima vifaa vyote viwili viielewe kodeki hiyo, na mara nyingi havielewi. Kwa hedseti ya kawaida sheria ni moja: ukitumia maikrofoni yake, umehamia njia ya simu, na muziki, mwalimu, mwanafunzi, kengele ya ujumbe, vyote vinapita humo.

Anayeamua kuhama ni programu ya kompyuta. Inautazama mlango wa maikrofoni kama bawabu: ukifunguka anahamisha, ukifungwa anarudisha. Bawabu huyo ni mwaminifu sana lakini haoni aliyeingia ana shida gani. Darasa, mkutano, kurekodi ujumbe, ukurasa wa intaneti unaojaribu tu kama maikrofoni ipo, kwake vyote ni mlango uliofunguka.

Kwa hiyo ushauri wangu, mwalimu, ni huu: usianze kwa kugombana na kujibadili. Anza kwa kuamua maikrofoni. Kompyuta yako ya mapajani ina maikrofoni yake. Ndani ya programu ya darasa, kwenye mipangilio ya sauti, acha spika ziwe hedseti, na maikrofoni chagua ya kompyuta. Maikrofoni ya hedseti haitafunguliwa, bawabu hatakuwa na sababu ya kuhamisha, na utawasikia wanafunzi kwa njia ya muziki, s ikiwa s. Ukiwa unatumia Windows 10, utaona hedseti yako imeorodheshwa mara mbili, moja ikiwa na neno Stereo na nyingine Hands-Free. Chagua Stereo kwa kusikiliza. Windows 11 imeziunganisha ikaonyesha moja, hapo chaguo la maikrofoni ndilo linaloamua. Kwenye Mac, fungua mipangilio ya sauti, upande wa kuingiza, uchague maikrofoni ya ndani.

Rafiki yako wa kwanza, anayesema zima kabisa, anafaa kusikilizwa endapo programu yako ya darasa ni kaidi na kila ikifunguliwa inarudia maikrofoni ya hedseti. Kwenye Windows unaweza kuzima huduma ya simu ya kifaa hicho ndani ya sifa zake, ukaacha ya muziki. Lakini hapo rafiki yako wa pili naye anakuwa sahihi: maikrofoni ya hedseti inatoweka kwenye orodha, na siku utakayokuwa mahali penye kelele ukaihitaji, itabidi ukumbuke kuirudisha.

Na kelele ndiyo sababu pekee ninayoikubali ya kutumia maikrofoni ya hedseti kwenye kompyuta. Chumba kikiwa na mwangwi au watu, maikrofoni iliyo karibu na mdomo wako inawafaa wanafunzi kuliko iliyo mbali, hata ikiwa ya njia ya simu. Ukifundishia chumba kitulivu, sioni haja.

*Ndugu mwandishi, kazi yangu ni kunukuu mahojiano yaliyorekodiwa. Natumia Linux. Nasikiliza saa nyingi kwa hedseti ya Bluetooth, sina mkutano, siongei na mtu, lakini mara kwa mara sauti inakatika na kurudi ikiwa mbovu, kisha baada ya muda inapona. Nimebadilisha hedseti, tatizo liko pale pale. Ni mawimbi kuingiliana?*
Mnukuzi

Ndugu yangu, mawimbi yakiingiliana sauti inakwaruza na kurukaruka, halafu inarudi katika ubora wake. Wewe unasema inarudi ikiwa mbovu na kubaki hivyo kwa muda. Hiyo ni njia ya simu. Kuna kitu kwenye kompyuta yako kinafungua maikrofoni bila wewe kujua, na kwa kazi yako hilo ni la kushughulikia leo, si kwa sababu ya ubora peke yake. Anayenukuu mahojiano ya watu ana wajibu wa kujua nani anasikiliza chumbani mwake.

Mtuhumiwa wa kwanza ni kivinjari. Ukurasa wa mkutano wa jana uliouacha wazi kwenye kichupo cha mwisho, au tovuti uliyoiruhusu maikrofoni zamani ukasahau, unaweza kuifungua tena wakati wowote. Mtuhumiwa wa pili ni programu za kuamuru kwa sauti. Wa tatu hawamdhanii: dirisha la mipangilio ya sauti lenyewe. Ule mstari unaopanda na kushuka unapoongea unasoma maikrofoni, na kwenye baadhi ya mifumo kulifungua tu dirisha hilo kunatosha kuihamisha hedseti. Watu wanaingia humo kutafuta ugonjwa, kumbe ndimo wanamouchokoza.

Sakinisha pavucontrol, programu ya kudhibiti sauti, kama huna. Tatizo likitokea, fungua sehemu yake ya kurekodi na utaona jina la programu iliyoshika maikrofoni. Ifunge au iondolee ruhusa. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Kwa kuwa uko Linux, inafaa ujue bawabu wako amebadilika mara kadhaa, maana ushauri mwingi unaozunguka ni wa bawabu wa zamani. Enzi za PulseAudio, programu ya zamani ya kusimamia sauti, mpangilio wa kawaida ulihama pale tu programu ilipojitangaza kuwa ni ya simu. Programu nyingi hazikujitangaza, kwa hiyo watu walizoea kubadili kwa mkono kila kikao. Kulikuwa na chaguo jingine, auto_switch=2, lililohamisha kwa kukisia kutokana na yeyote anayerekodi. Kisha ikaja mrithi wake PipeWire, ambayo Fedora, mojawapo ya aina za Linux, iliifanya ya kawaida kwa sauti katika toleo la 34 mwaka 2021, na msimamizi wake WirePlumber. Matoleo ya 0.4 ya WirePlumber yalikuwa na orodha ya majina: Firefox, Zoom na wenzao wakifungua maikrofoni, hedseti inahama. Aliyekuwa nje ya orodha hakuhamishiwa, akalalamika kwamba maikrofoni haifanyi kazi. Toleo la 0.5 likaachana na majina: maikrofoni ya hedseti inaonekana kwenye orodha muda wote, hata ukiwa njia ya muziki, na programu yoyote itakayoanza kurekodi kutoka humo inasababisha kuhama.

Wengine wameliona hilo la mwisho kuwa kosa. Mimi naona ndilo la haki kuliko yote, kwa kuwa angalau linatabirika: anayefungua anahamisha, basi. Orodha ya majina ilikuwa inamfaa mwenye programu maarufu na kumtupa mwingine. Lakini kwako wewe, unayesikiliza kutwa na kuongea mara chache, kujibadili hakuna faida. Kuzime kwa amri hii:

`wpctl settings --save bluetooth.autoswitch-to-headset-profile false`

Neno --save linafanya chaguo libaki hata ukiwasha upya. Kwa mtu aliyebaki na PulseAudio, ni kuandika auto_switch=0 kwenye mstari wa module-bluetooth-policy ndani ya faili la default.pa. Siku ukihitaji kuongea, fungua pavucontrol, sehemu ya usanidi, ubadili wasifu wa hedseti kwa mkono, ukimaliza urudishe. Mara ya kwanza itakuchosha. Baadaye mkono unazoea.

Na kama una maikrofoni ya waya au ya kompyuta, ifanye kuwa ndiyo chaguo la kawaida la mfumo. Hapo hata ukiacha kujibadili kukiwa kumewashwa, wengi wa wale wanaochungulia watachungulia maikrofoni hiyo, na hedseti itabaki salama.

*Habari ya kazi. Mimi ni asiyeona, natumia kompyuta kwa programu ya kusoma skrini. Nikiwa kwenye mkutano, mara tu ninapowasha au kuzima maikrofoni, maneno ya kwanza ya kisoma skrini yanamezwa. Nabonyeza kitufe sijui kimesema nini. Wakati mwingine najikuta nimefungua maikrofoni nikidhani nimeifunga. Wenzangu wanaoona wanasema hawaoni tatizo.*
Msomaji kwa masikio

Habari ni njema, ndugu yangu, na asante kwa barua hii kuliko zote. Anayeona akikosa sauti kwa nusu sekunde, macho yanamjazia. Wewe nusu sekunde hiyo ndiyo yenye neno "imewashwa" au "imezimwa". Mtu kuingia hewani asijue yuko hewani ni jambo zito, na wanaobuni mifumo hii ya kujibadili wangepaswa kulipima kwa masikio ya mtu kama wewe kabla ya kuitoa.

Yako matatizo mawili hapa yanayofanana, na dawa zake ni tofauti. La kwanza ni hedseti kusinzia. Kukiwa kimya kwa muda, hedseti nyingi au kompyuta yenyewe hupumzisha njia ya sauti ili kuokoa betri, na neno la kwanza baada ya ukimya linatumika kuamsha. Hili hutokea hata bila mkutano. Kama unatumia kisoma skrini cha NVDA, matoleo yake ya karibuni yana mpangilio, katika sehemu ya sauti, wa kuweka muda ambao kifaa cha sauti kitaendelea kuwa macho baada ya maneno kwisha. Uongeze.

La pili ndilo la wasifu. Baadhi ya programu za mikutano hufunga kabisa maikrofoni unapojizima na kuifungua upya unapojiwasha. Kila mara hedseti inahama njia, na wakati wa kuhama hakuna sauti inayopita, maneno ya kisoma skrini yakiwemo. Kwa hali yako mimi siulizi ubora. Nasema chagua kwa mkono na ushikilie. Ama uweke maikrofoni ya kompyuta au ya waya ili hedseti isitoke njia ya muziki kamwe, ama, kama huna budi kutumia maikrofoni ya hedseti, ibakize njia ya simu kwa mkutano mzima. Kisoma skrini kinaeleweka vizuri tu kwa sauti iliyokonda. Kisichoeleweka ni neno lililomezwa. Na njia ya simu ina faida moja kwako, haicheleweshi majibu ya vitufe kama ya muziki.

Namna nyingine, ambayo naipenda zaidi: kitenganishe kisoma skrini na mkutano. Visoma skrini vingi vinakuruhusu kuchagua kifaa cha kutolea sauti. Kipeleke kwenye spika ya kompyuta au kwenye kipokea sauti cha waya kwenye sikio moja, hedseti ibaki na mkutano. Mkutano ukihama njia, kisoma skrini hakiguswi.

*Mbona kwenye simu yangu sipati shida hii, na hedseti ni ile ile?*
Mwenye simu

Unaipata, ila huitambui. Ukipigiwa, simu nayo inahama njia ya muziki kwenda ya simu. Lakini muziki umesimama, umeshatarajia sauti ya simu, na ukikata inarudi. Simu inajua kwa hakika kwamba mazungumzo yameanza, kwa kuwa tukio la kupigiwa lina mwanzo na mwisho, na hata programu za kupiga kwa intaneti zinauambia mfumo kwamba sasa ni mazungumzo. Kompyuta mara nyingi haiambiwi. Kwa hiyo kwenye simu acha kujibadili kufanye kazi yake. Ukitaka hedseti fulani iwe ya muziki tu, ingia kwenye maelezo ya kifaa hicho katika mipangilio ya Bluetooth ya Android na uzime upande wa simu, uache wa muziki.

*Naimba, na nataka kurekodi huku nikijisikia kwenye hedseti ya Bluetooth. Nichague wasifu gani?*
Mwimbaji

Hakuna. Njia ya muziki itakurudishia sauti yako imechelewa, mara nyingi zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, na utaanza kuburuta mdundo bila kupenda. Njia ya simu itakata nusu ya sauti uliyoifanyia mazoezi. Tumia waya.

*Dada, nasikia kuna Bluetooth mpya inayomaliza tatizo hili. Nisubiri, ninunue, au ninadanganywa? Nafanya kazi ya huduma kwa wateja, hedseti iko kichwani kutwa.*
Wa huduma kwa wateja

Hudanganywi, ila hujaambiwa masharti. Inaitwa LE Audio. Ilitangazwa Januari 2020 pamoja na Bluetooth 5.2, na maelezo yake ya kiufundi yakakamilika mwaka 2022. Ina kodeki mpya, LC3, na imebuniwa tangu mwanzo ili sauti iende na kurudi pamoja. Hapo maikrofoni inaweza kuwa wazi na wewe bado unasikia kushoto na kulia kwa ubora mzuri. Ule ulazima wa kuchagua kati ya muziki na maikrofoni ndio unaoondoka.

Masharti ni kwamba vipande vyote vikubaliane: hedseti, redio ya Bluetooth ya kompyuta, viendeshi vyake na mfumo endeshi. Namba 5.2 au 5.3 kwenye boksi haitoshi, kwa sababu LE Audio ni ya hiari ndani ya namba hizo. Tafuta jina lenyewe limeandikwa. Windows 11 ilianza kuikubali kwa kompyuta zenye vifaa vinavyofaa mwaka 2023. Kipande kimoja kikikosekana, hedseti yako mpya itarudi kwenye A2DP na HFP, na utakuwa umenunua tatizo lile lile likiwa jipya.

Kwa kazi yako ya kuongea kutwa, wala usisubiri. Tafuta hedseti inayokuja na kipokezi chake kidogo cha kuchomeka kwenye USB. Kompyuta inakiona kipokezi hicho kama kadi ya sauti ya kawaida. Vipo vya aina mbili. Kimoja kinatumia redio ya mtengenezaji mwenyewe, na hicho mara nyingi kinabeba stereo na maikrofoni kwa pamoja bila kuhama. Kingine ndani yake ni Bluetooth ile ile, kinahama kama kawaida, ila kwa kuwa vimetengenezwa pamoja huwa vinaelewana kwa kodeki nzuri ya mazungumzo. Muulize muuzaji ni aina gani, na omba kujaribu: cheza muziki, kisha fungua programu ya kurekodi huku muziki ukiendelea. Besi ikibaki mahali pake, ichukue. Ikikonda, bado inaweza kukufaa kwa wateja, mradi mtu wa upande wa pili akisema saba usisikie faba.